Mwenye Mji ni Nani?



Liko swali moja ambalo katika miji yetu ya pwani huulizwa kahawa ikingali moto. Baraza la madiwani limekaa, kura zimehesabiwa, meya mpya amevishwa joho na mkufu, na kabla hajakaa kitini pake watu wamekwisha kuulizana: "Huyu ni wa wapi?" Hawaulizi amepata kushika amana gani na akairudisha salama. Hawaulizi kama majirani zake walala kwa amani. Wauliza babu yake alizikwa wapi. Na likitajwa jina la bara, vichwa hutikiswa, vikombe hujazwa tena, na mmoja wao husema kwa sauti ya matangani kwamba mji umekwisha, umechukuliwa na watu wa kuja, watu wasio na historia.

Mimi nataka kugombana na swali hilo, na hasa na yale maneno ya mwisho, "watu wasio na historia". Wala sitaanza ugomvi wangu Mombasa, wala Tanga, wala Lamu, ambako kila mmoja wetu ana shajara ya ukoo ndani ya kasha. Nitakupeleka mahali ambapo wengi katika sisi hatujapata kukanyaga, na wachache wamepata kulisikia jina lake. Paitwa Engaresero.

Engaresero ni kijiji katika wilaya ya Ngorongoro, kusini ya Ziwa Natron. Mwenye kwenda huko hutoka Arusha, akafika Mto wa Mbu. Pale watalii hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu na Ngorongoro, lakini yeye hukata kulia, akafuata chini ya ukuta huo kupita Engaruka. Ni nchi ya jua kali, vumbi na majivu. Upande mmoja umesimama mlima Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai wauita mlima wa Mungu, na ambao hata katika mwaka 2007 na 2008 ulikuwa ukitoa moshi na majivu. Upande wa pili liko ziwa lenye magadi, wanakozalia heroe kwa maelfu yasiyohesabika. Kijiji chenyewe kimeishi kwa kuwa uko mto utokao ukutani. Na "engare" kwa Kimaasai ni maji. Hakuna meya hapo. Kuna mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yake, kama vijiji vyote vya Tanzania.

Sasa sikiliza. Katika kijiji hicho, juu ya udongo wa majivu ya mlima ulioganda ukawa jiwe, ziko nyayo za wanadamu zaidi ya 400. Si michoro wala alama za kubahatisha. Ni nyayo za miguu mitupu, kisigino na vidole vyake. Aliyeziona kwanza na kuwaonyesha wageni ni mwanakijiji Mmaasai. Wataalamu walipozipima wakasema zilikanyagwa wakati fulani kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita. Na katika utafiti uliotoka mwaka 2020 wakaeleza jambo ambalo mimi nilipolisoma niliweka karatasi chini: katika nyayo hizo liko kundi la watu 17 waliokuwa wakienda pamoja upande mmoja, na kwa kuupima ukubwa wa miguu na urefu wa hatua, wataalamu waona kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake. Labda walikuwa wakitafuta chakula. Wanawake 14, ndugu msomaji, wametoka pamoja, kama watokavyo mama zetu kwenda pwani maji yakitoka kuokota kombe na chaza.

Haya, niambie wewe mwenye nyumba ya mawe: ukuta wako una miaka mingapi? Mia mbili? Mia tatu? Tuchukue hata msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ni ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 kwa miladi. Ni fahari yetu, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliouchonga. Lakini mbele ya unyayo wa mwanamke yule wa Engaresero, msikiti wa Kizimkazi ni jengo la juzi. Basi ni nani asiye na historia?

Wala usinijibu kwamba nyayo si kitu. Katika Sura ya Yasin, ambayo waisoma kwa wagonjwa na maiti wako, Mola ametujulisha kwamba yanaandikwa waliyoyatanguliza watu pamoja na athari zao. Na wanazuoni, katika kulifasiri neno hilo la athari, wameleta habari ya Banu Salima, watu wa Madina waliokaa mbali na msikiti wakataka kuhama wausogelee. Mtume (s.a.w.) akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Hatua zilizoandikwa zilikuwa za watu wa mbali. Hebu tulifikiri hilo sisi tuliojenga mlango kwa mlango na msikiti wa Ijumaa, tukadhani ukaribu wetu ni cheo.

Tena kiburi chetu hiki ni kipya. Wazee wetu hawakuwa nacho kwa namna hii, kwa sababu wao nchi hiyo waliijua kwa miguu. Mwaka 1870 yalichapishwa Uingereza maelezo ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara; aliyeyapeleka ni mmisionari Wakefield wa Mombasa, lakini aliyeyatoa kichwani mwake, kituo baada ya kituo, hata kufika nchi za Nyanza, alikuwa mwongoza misafara wa pwani yetu aitwaye Sadi bin Ahedi. Kisha Mjerumani Gustav Fischer alipotoka Pangani mwishoni mwa 1882, akapita Engaruka na Ziwa Natron mwaka 1883, hakugundua njia. Alitembea nyuma ya watu wa pwani katika njia ya wafanyabiashara wa pembe. Ni kweli, tusifiche, misafara ya zama zile haikuchukua pembe tu, na wako waliofungwa minyororo. Nasema tu kwamba wazee wale hawakuweza kusema bara hakuna kitu. Walikuwa wamelala huko, wakanunua chakula huko, na wengine wakazikwa huko.

Hapo Engaruka Fischer aliona mawe yaliyopangwa, na waliokuja baada yake wakatambua kuwa ni mji mzima ulioachwa. Vijiji saba juu ya mteremko, na chini yake mashamba yaliyogawanywa kwa safu za mawe na kunyweshwa kwa mifereji, katika eneo la kiasi cha hekta 2,000. Watu walilima hapo tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18, kisha wakaondoka. Sababu zatajwa nyingi, na kupungua kwa maji ni mojawapo. Msomaji wa Kur'ani hatakosa kuwakumbuka watu wa Saba, na bustani zao, na boma la maji lililovunjika. Tumeamrishwa tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia; na sisi ambao tuna Saba yetu siku moja ya safari kutoka Moshi, twakaa barazani na kusema huko ni pori.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni neno moja. Ukitoka Engaresero ukapanda ukuta wa bonde kuelekea Loliondo, wafika kwa Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi. Ni wakulima wa mifereji mpaka leo, na wako wanaowahesabu kuwa na udugu na watu wale wa Engaruka. Mtafiti Robert Gray aliyeandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1963 alieleza kwamba kila kijiji kina baraza la wazee wenye kauli juu ya maji: nani afungue mfereji, lini, na kwa muda gani. Wazee hao huitwa "wenamiji".

Lisome tena neno hilo kwa sauti. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani: wenye miji! Watu tunaowaita wa pori wana neno lile lile tunalojivunia sisi, ila wao wamelifunga na kazi. Mwenye mji kwao ni mwenye dhima ya maji. Sitawapamba, cheo hicho hurithiwa, na wenye cheo wana haki ya kupata maji mbele ya wengine, jambo ambalo lina kasoro yake. Lakini mfereji ukikauka hakuna mwenamiji atakayesalimika kwa kusoma nasaba yake. Sisi je? Kwetu mtu huitwa mwenye mji kwa kuwa kaburi la babu yake laonekana kutoka barabarani, na bomba la mtaa wake limekauka mwaka wa tatu, na hakuna anayemwuliza.

Na neno "diwani" tumelisahauje? Kabla halijawa jina la mjumbe wa kata, lilikuwa cheo cha watawala wa miji ya Mrima. Kisha wakaja Wajerumani, wakawachukua watu wa pwani wajuao kusoma na kuandika wakawafanya maakida, wakawapeleka kutawala na kutoza kodi watu ambao hawakuwa wa kwao. Siku zile hatukuuliza "huyu akida ni wa wapi?" Aliyekuwa akiuliza alikuwa mtu wa bara, na katika vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907 aliuliza kwa mkuki. Mtu wa kuja, basi, ni ubaya anapokuja kwetu, lakini tulipokwenda sisi ilikuwa ni ustaarabu?

Turudi Arusha kidogo. Pale mjini uko uwanja wa michezo wenye jina la Sheikh Amri Abeid. Vijana huenda kutazama mpira wasijue ni nani. Ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwaka 1924, mwandishi wa sheria za kutunga mashairi zilizotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake. (Diwani kwa maana ya pili, na kidogo angeupenda mchezo huo wa maneno.) Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Twajua alikuwa Ahmadiya, na tofauti yetu na madhehebu hayo si ndogo; Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliposhika kazi ya kuifasiri Kur'ani, hilo lilikuwa moja ya sababu zake. Lakini hapa nasema habari ya mji. Mji wa pwani, uliojengwa na Sayyid Majid wa Unguja kando ya kijiji cha Mzizima, Mwafrika wake wa kwanza kushika umeya alitoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, njia ya misafara inakoishia. Alikufa mwaka 1964, na jina lake latunzwa na mji wa bara. Vilongo vya nani asili na nani mgeni vitaukata wapi uzi huu?

Utaniambia, "Bwana mwandishi, wewe wasema hivyo kwa kuwa hujaporwa." Nimekusikia. Najua ziko nyumba zilizobomolewa bila wenyewe kuambiwa, mitaa iliyobadilishwa majina, na makaburi yaliyojengewa maduka juu yake. Hayo ni dhulma, na anayeyalalamikia ana haki. Ila na tuseme yote. Katika mji niliokulia, kiwanja cha wakfu kilichokuwa chalisha wanafunzi wa chuo kiliuzwa, na sahihi iliyotiwa kwenye hati haikuwa ya mtu wa kuja. Ilikuwa ya mtu mwenye shajara ndefu kuliko sote, aliyekuwa akikaa safu ya mbele. Sisi tulikuwa twachunga lango la bara, na mwizi alikuwa ndani akinywa kahawa yetu.

Watu walinung'unika hata Mtume (s.a.w.) alipompa Usama bin Zaid uamiri wa jeshi: kijana, tena mwana wa mtu aliyepata kuwa mtumwa. Akawajibu kwamba walikwisha kumsema na baba yake kabla yake, na wote wawili walistahiki. Na huyo huyo Mtume alimkataza Abu Dharr uongozi, swahaba mkubwa, kwa kuwa ni amana naye alikuwa dhaifu wa kuibeba. Nasaba haikutajwa katika kumpa huyu wala katika kumnyima yule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukija uchaguzi wa meya katika mji wako, nawe wajua kwamba humchagui wewe bali madiwani uliowapigia kura, usiende kumwuliza diwani wako huyo mtu ni wa wapi. Muulize daftari la viwanja vya wakfu na vya makaburi liko wapi, na ni nani aliyelifungua mara ya mwisho. Muulize maji yafika mtaa wa mwisho siku zipi, saa ngapi, na ufunguo wa bomba kuu unalala nyumbani kwa nani.