KUINGIA SIYO KUKAA

Wadau, leo naomba nitoe dukuduku langu. Najua wenye rimu kali mtanirushia mawe, lakini poa tu, rusheni. Mimi mwenyewe ni mmoja wenu, ndiyo maana nasema.

Kuna neno moja linatumaliza mjini hapa: "zinaingia." Nenda Ilala au Kariakoo kutafuta rimu. Muuzaji anatupia gari jicho, anatupia rimu jicho, kisha anakwambia: "Kaka, hizi zinaingia, wala usiwe na wasiwasi." Nawe kwa kuwa zinang'aa, unatoa pesa. Mimi nilitoa.

Nina Altezza. Ilikuja na rimu za inchi 17, nikataka 18, tena pana, inchi 8. Tundu tano, mpangilio wa 114.3, sawa kabisa na gari. Fundi akafunga, tukapiga picha, nikaondoka kifua mbele. Kufika kasi ya 90, usukani ukaanza kutetemeka kama una homa. Nilipiga balansi mara tatu. Kila fundi alikuwa na mshitakiwa wake: mmoja alisema tairi, wa pili akasema bushi, wa tatu akasema barabara zetu ndivyo zilivyo. Na mimi nikakubali! Mwandishi mzima, ninayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naelekea Morogoro, dada yangu kakaa nyuma na mwanawe. Tumepita Mlandizi nikasikia ko-ko-ko, mbele kushoto. Nikasimama pembeni. Nati tatu kati ya tano nilizifungua kwa vidole. Kwa vidole, jamani! Mtoto yule alikuwa anakula ndizi, hana habari.

Niliporudi ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma kabla ya kununua. Tundu la katikati la rimu zangu lilikuwa milimita 73.1. Habu ya gari, yaani kile kitovu kinachoingia katikati ya rimu, ni 60.1. Rimu nyingi za dukani hutengenezwa na tundu kubwa ili ziuzwe kwa magari mengi, halafu pengo hilo huzibwa kwa pete. Mimi sikupewa pete. Pete haibebi gari, kazi yake ni kuiweka rimu katikati wakati nati zinakazwa. Bila hiyo rimu inaweza kukaa upande kidogo tu, ukatetemeka mpaka uchoke. Balansi haitibu hilo, maana kwenye mashine rimu huwa imekaa katikati vizuri.

Na nati? Zilikuwa za Honda. Uzi wake ni M12 wa 1.5, sawasawa na Toyota, kwa hiyo ziliingia. Lakini nati ya kiwandani ya Honda ina kikalio cha mviringo kama mpira, na rimu zangu zilichongwa kwa nati za koni ya nyuzi 60. Zikawa zinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Ndiyo maana zililegea. Zote ziliingia, hakuna hata moja iliyokaa.

Bado kuna ofseti, ile namba ya ET iliyopigwa nyuma ya rimu. Za kiwandani zilikuwa upana wa inchi 7, ET50. Nilizonunua inchi 8, ET35. Piga hesabu: upana unasogeza ukingo nje milimita 12.7, ofseti inaongeza 15. Jumla karibu milimita 28. Ukiwa peke yako hulioni tatizo. Pakia watu wanne, pita kwenye tuta, usikie fenda inavyokula tairi.

Tairi nazo zina hesabu yake. Kutoka 215/45R17 kwenda 225/40R18, kimo kinaongezeka kwa takriban asilimia 2, hapo hakuna neno. Ukifungiwa 225/45R18 kinaongezeka zaidi ya asilimia 5. Spidi mita ikionyesha 100, wewe uko 105, na trafiki hataki kusikia habari za rimu.

Najua mtasema: "Acha ushamba, watu wanafunga hivyo miaka yote." Sawa. Hata wasiofunga mkanda wapo miaka yote. Wengine mtasema ni gharama. Pete nne na nati sahihi ni senti kidogo ukilinganisha na hizo rimu mlizonunua kwa laki kadhaa ili mtazamwe pale Mlimani City.

Muuzaji simwachi, wala fundi wa mashine ya hewa anayekaza nati mpaka stadi inalia halafu hakwambii urudi zikaguliwe baada ya kilomita 50 au 100. Ila na sisi waandishi tumo. Gari likiacha njia tunaandika "mwendo kasi" au "tairi lilipasuka", tunafunga habari, tunaenda kula chakula cha mchana. Lini tuliwahi kuuliza lilikuwa limefungwa rimu gani? Mimi sijawahi, na ningekufa pale Mlandizi, wenzangu wangeandika mwendo kasi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kununua usiulize kama zinaingia. Uliza tundu ngapi na mpangilio gani. Uliza tundu la katikati, na pete iko wapi. Uliza ET. Uliza nati za kikalio gani. Geuza rimu uangalie kama ina alama ya JWL na uzito inaobeba. Muuzaji akikujibu "zinaingia tu bosi", muage kwa heshima, uondoke na pesa zako.

Rimu zangu bado ninazo, zimeegemea ukuta wa stoo. Zinapendeza sana. Anayezitaka nitampa, ila aje na vipimo vya gari lake.

Nawasilisha.