Knight Alikuwa Boi

Wiki iliyopita pale kijiweni petu, tunaposomeana kazi, jamaa mmoja alisimama na tafsiri yake ya hadithi ya Kiingereza ya zama za kati. Kila palipokuwa na neno "knight" kaliacha hivyo hivyo, limekaa katikati ya Kiswahili kama mgeni aliyekanyaga mkeka na viatu. Tukamuuliza: vipi bwana, hili mbona hujalitafsiri? Akajibu kifua mbele: "Kiswahili hakina neno lenye hadhi hiyo. Sisi hatukuwa na watu wa namna ile." Na waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali! Lililoniuma si jibu lake, ni vile vichwa.

Haya, ndugu msomaji, tulifumue hilo neno tuone hadhi yenyewe imetoka wapi.

Kabla ya mwaka 1066 Waingereza walikuwa na neno "cniht". Ile herufi ya mwanzo, ambayo leo huandikwa "k" na haitamkwi, enzi hizo ilitamkwa waziwazi. Maana yake? Mvulana. Na kwa kuwa mvulana ndiye anayetumwa, likawa pia na maana ya mtumishi, kama sisi tunavyosema "kijana wangu wa kazi". Waliotafsiri Injili kwa Kiingereza cha kale waliwaita wanafunzi wa Yesu "leorningcnihtas", yaani vijana wa kujifunza. Wamo humo wavuvi wa Galilaya! Hakuna farasi wala deraya.

Wajerumani, ambao lugha yao na Kiingereza ni ndugu wa damu, wanalo neno hilo hadi leo: "Knecht". Ukimwita mtu hivyo usitegemee asante, maana umemwita mtumishi, kibarua wa shambani. Yule mwenye upanga na farasi wao humwita "Ritter", mpanda farasi, basi. Wafaransa husema "chevalier", neno lililozaliwa na "caballus" la Kilatini, na huyo caballus alikuwa farasi wa kazi tu, wa kubebeshwa mizigo.

Sasa huyu boi alipandaje cheo? Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Walikuja na askari wapanda farasi, watu wa mabwana wakubwa, na wenyeji wakawaita kwa jina walilokuwa nalo mdomoni: vijana wa bwana fulani. Baadaye askari hao wakagawiwa ardhi. Ardhi ikaleta mali, mali ikaleta nembo, sherehe na watunzi wa kuwasifu. Katika miaka ya 1340 mfalme Edward III alianzisha kundi la heshima la Garter, na yeye mwenyewe akawa mmoja wao. Mfalme mzima anajivunia neno la mtumishi! Halikupanda kwa utamu wa sauti yake. Lilipandishwa na mashamba, kisha na kalamu.

Na kalamu hizo zilificha mengi. Watu wa neno hilo hilo tukufu walikuwamo katika jeshi lililoingia Yerusalemu mwaka 1099 na kuwachinja wakazi wake, Waislamu na Wayahudi.

Nasi tulipata cniht wetu. Waingereza walipotutawala walimwita "boy" hata mzee mwenye wajukuu, na Kiswahili kikalimeza: boi. Maana ni ile ile, mvulana na mtumishi. Tofauti ni kwamba wa kwao alipewa ardhi, na wa kwetu, hasa kule Kenya, alinyang'anywa. Ndiyo maana hakuna mtoto leo anayeota kuwa boi.

Eti hatukuwa na watu wa namna ile? Basi tuulize misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara. Wapagazi na askari wake wengi walikuwa watumwa, au watumwa walioachwa huru. Pwani, muungwana ni aliyezaliwa huru. Wao hawakungoja mfalme awaguse bega kwa upanga. Walijiita waungwana wenyewe! Wakafika nalo jina hilo mpaka mashariki ya Kongo, na Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana. Sisemi walikuwa malaika. Wengine walibeba bunduki za wafanyabiashara ya utumwa na kuchoma vijiji. Lakini mbona wa Ulaya anasamehewa hayo na kuitwa shujaa, na wa kwetu anasahauliwa?

Kwa hiyo tuache longolongo. Anapopigana juu ya farasi, andika mpanda farasi. Anapomtumikia bwana, andika askari wa bwana. Kwenye sataranji, farasi anatosha. Anaposifiwa kwa adabu na neno lake, muungwana yupo. Maneno manne kwa moja, halafu mtu anasema lugha ni maskini! Umaskini uko kwa mfasiri asiyeuliza neno lilikotoka.

Kama Waingereza wangelionea haya neno la mtumishi wao, leo lisingekuwepo la kukutisha. Sisi tunaotaka kuandika, tukiyaonea haya ya kwetu, nani atayapa ardhi?

Jamaa yangu, rudi na hadithi yako Jumamosi. Tutakusikiliza mpaka mwisho. Ila safari hii huyo mgeni avue viatu mlangoni.