Diwali Ilibebeka, Eunoto Je?

Mtoto wa duka la Kigujarati aliyekulia Arusha, Moshi au Tanga miaka ya 1950 aliijua Diwali kwa daftari kama alivyoijua kwa fataki. Siku hiyo daftari jipya la hesabu liliwekwa mbele ya mungu wa kike Lakshmi, likaombewa, na mwaka wa biashara ukafunguliwa. Usiku, ambao kwa kalenda ya Kihindu hauna mwezi, taa za udongo ziliwashwa kibarazani. Kulikuwa na vitafunio vya ladu na chevda, na nguo mpya. Watoto wa jirani, Waislamu kwa Wakristo, nao walionja mithai. Na mlio wa fataki hauna dini.

Wengi wao, pamoja na Waasia wengine wa Afrika Mashariki, waliondoka. Kwanza yalikuja Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964. Kisha sheria ya 1971 iliyotaifisha Tanzania Bara majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza, ilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko. Wakaenda. Tangu 1983 taa za Diwali huning'inizwa Belgrave Road, na leo sherehe hiyo inatajwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India. Muhogo, ambao wao huuita mogo, haukosi mezani.

Diwali ilibebeka kwa sababu vyombo vyake ni vichache: taa, jiko, daftari na kalenda. Kilichobaki nyuma ni mtaa na majirani. Babu wa Leicester anayewaleta wajukuu Arusha msimu wa Diwali bado atakuta hekalu, ila akiwa na pasipoti ya Uingereza anapanga foleni ya wageni katika nchi aliyozaliwa, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Hilo ni kosa la sera, na linarekebishika.

Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, hakuna anayesubiri Diwali. Ukipita Karatu, ukaingia geti la Lodoare na kuuzunguka ukingo wa kreta, unafika kwa Wamaasai wanaokabiliwa na swali lile lile: sikukuu ya utotoni inafanyikaje mwenyewe akishahamishwa? Tangu Juni 2022 kaya za Ngorongoro zimekuwa zikipelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wakazi wengi wanakana. Agosti 2024 walifunga barabara wakipinga tangazo la kufuta kata na vijiji vyao, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo hilo.

Katika mabishano hayo hutajwa nyumba, ekari, fidia, maji na simba. Sherehe ni nadra kutajwa.

Eunoto, sherehe ambayo kwayo morani huvuka kuelekea uzee, haiingii kwenye sanduku. Inataka manyatta iliyojengwa kwa ajili yake, ng'ombe, wazee wa kubariki, mama wa kumnyoa mwanawe zile nywele ndefu, na rika zima likiwa pamoja. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka Eunoto ya Wamaasai wa Kenya, pamoja na sherehe zao za Enkipaata na Olng'esherr, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Rika likigawanywa, nusu Endulen nusu Handeni, nani atamsubiri nani?

Atatokea wa kusema Wamaasai ni wahamaji tangu zamani. Ni kweli, lakini mfugaji huhama akifuata malisho na kurudi mvua zikinyesha. Na hawa walikwisha kuhamishwa mara moja: waliotolewa Serengeti mwaka 1959 waliahidiwa kuishi Ngorongoro.

Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Wamaasai jijini Arusha, akatangaza tume mbili, ya ardhi na ya zoezi la kuhama. Katika zoezi hilo kuna kazi ambayo haihitaji bajeti kubwa: kuuliza kila kaya iliyohama sherehe gani zimebaki kiporo, rika gani, la wapi. Kisha iandikwe kwenye kanuni kwamba mama aliyehamia Msomera, akija Endulen kumnyoa mwanawe, pale Lodoare anapita kama mwenyeji, bila kibali wala kiingilio.