Akaunti Si Kufuli

Katika kila kamati ya harusi niliyowahi kukaa, hakosekani mjumbe wa kusema: "Orodha ya michango msiiweke kwenye ukurasa wa mtandaoni usio na akaunti. Hauna mwenyewe huo, kila mtu atauchezea." Wengine huitikia, na kazi anakabidhiwa yeyote mwenye barua pepe. Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu.

Nilikuwa katibu wa kamati moja iliyofuata ushauri huo. Orodha iliwekwa kwenye akaunti ya mweka hazina wetu. Wiki moja kabla ya shughuli akaibiwa simu, na namba za uthibitisho zikawa zinatumwa kwenye laini ileile iliyoibiwa. Kwa siku tatu tuliwapigia watu simu mmoja mmoja, tukiwaomba watutumie tena meseji za miamala ili tujue nani katoa na nani bado. Orodha ilikuwa palepale, haijaguswa na mtu. Sisi wenye mali ndio tuliofungiwa nje. Akaunti ni ya mtu mmoja. Kamati ni ya watu wengi.

Kinacholinda ukurasa ni kutenganisha ruhusa ya kusoma na ruhusa ya kuhariri. Tazama Rentry, tovuti ya kuchapisha maandishi bila kujisajili. Unaandika maandishi yako, unaweka neno la siri la kuhariri, basi. Hakuna jina, hakuna namba ya simu. Mwenye linki anasoma. Mwenye neno la siri anasahihisha. Unaweza hata kuweka neno la pili kwa ajili ya wasaidizi: wanarekebisha maandishi, lakini hawawezi kubadili neno lako wewe mwenye ukurasa. Bwana harusi asome, katibu msaidizi aongeze majina, mwenyekiti abaki na ufunguo mkuu. Huo ni mpangilio wa madaraka uliokamilika, na hakuna aliyejisajili popote.

Ukurasa wa namna hii huchezewa, au humfungia nje mwenyewe, pale asipojua ufunguo wake uko wapi. Kwenye Etherpad, programu ya kuandika pamoja mtandaoni, linki yenyewe ndiyo ufunguo: anayeipata anahariri, isipokuwa umemtumia ile ya kusoma tu. Kwenye Telegraph, huduma iliyoanzishwa na Telegram mwaka 2016, ukiandika bila kujitambulisha ufunguo hukaa ndani ya kivinjari chako. Ukifuta vidakuzi, umejinyang'anya ruhusa kwa mkono wako. Anayerusha linki ya Etherpad kwenye grupu la watu mia mbili kisha akalaumu ukosefu wa akaunti, amegawa funguo mia mbili na sasa anamlaumu fundi wa mlango.

Wapo watakaosema kwamba bila usajili wahuni watajaa. Wikipedia ya Kiingereza, iliyoanza mwaka 2001, ilikumbana na tatizo hilo. Desemba 2005 iliwazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya, lakini ikawaachia ruhusa ya kuhariri zilizopo. Iligawa ruhusa, ikaendelea kutunza historia ya kila badiliko ili kilichoharibiwa kirudishwe, na mlango haukufungwa.

Pingamizi moja nalikubali: neno la siri likipotea, usitegemee kwamba kuna ofisi ya kukurudishia. Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Liandike kwenye daftari la kamati. Mpe na mtu wa pili anayeaminika. Mjumbe akijitoa kwenye kamati, libadilisheni siku hiyohiyo, kama mnavyobadilisha kitasa mpangaji akihama.

Nalisemea jambo hili kwa uchungu kwa sababu sharti la akaunti huwatupa nje watu tunaowahitaji. Mama anayetunza hesabu za kikoba kwa uaminifu wa miaka mingi, asiye na barua pepe, anaambiwa ampishe kijana wa jana. Kibarua anayetaka kuandika jinsi mishahara inavyokatwa kazini kwake anaambiwa kwanza ataje jina na namba ya simu. Hao hawakukosa uwezo wa kutunza ufunguo. Walinyimwa ufunguo.

Kwa hiyo, kamati ijayo ikikaa, swali la nani ana akaunti liachwe. Tuulizane nani asome, nani ahariri, na neno la siri limeandikwa wapi.