Tope Lile Lile, Matokeo Mawili

Walimu wanafunzi wengi huwaambia watoto kwamba tope liletwalo na mito ni mbolea. Hapa Ubaruku usemi huo una ushahidi: maji ya Mto Mbarali huingia katika majaruba pamoja na tope lenye madini, na mpunga hunufaika. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba mwalimu anayeishia hapo amefundisha nusu tu ya somo.

Nusu ya pili iko milimani. Katika mabonde yenye majimaji ya nyanda za baridi kama Kitulo, ulio meta 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, majani hufa ndani ya maji yasiyo na hewa ya kutosha. Kwa hiyo hayaozi kabisa, bali hulundikana yakawa mboji nyeusi ya kinamasi. Mboji hiyo hushika maji yenye uzito mara nyingi kuliko wake ikiwa kavu. Aghalabu huongezeka kwa milimita 1 hivi kwa mwaka. Kina cha meta 1 ni kazi ya miaka ipatayo 1,000.

Miteremko inayozunguka bonde ikilimwa bila matuta, mvua huteremsha udongo wa madini hadi kwenye mboji. Chembe za mfinyanzi huziba matundu, na nafasi ya maji hupungua. Madini hupunguza ukali wa asidi na kuvilisha vijidudu viozeshavyo, hivyo mboji huweza kuoza upesi zaidi. Mimea iliyozoea udongo maskini nayo husongwa na mingine.

Jambo hili lifundishwe kwa vitendo. Wanafunzi wajaze makopo mawili yenye matundu chini: moja majani yaliyooza, la pili majani hayo yaliyochanganywa na tope la mfereji. Wamimine maji kwa kipimo kimoja, wapime yanayotoka. Kisha mwalimu mwenyewe akaushe na kuchoma kiasi sawa cha kila udongo, nao walinganishe majivu. Wasichimbe kinamasi cha kweli.

Mtoto wa mkulima wa mpunga hutegemea maji yatokayo juu. Akikariri tu kwamba tope ni neema, kesho atawezaje kumwelewa jirani wa mlimani anayeombwa kuacha kulima kandokando ya kinamasi? Tuwafundishe kuuliza: tope hili limetoka wapi, na limetua juu ya udongo gani?