Nyumba Yetu: Mlango Ufungwe Upande wa Mwizi

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiliwe na fukusi. Leo nataka tuzungumze juu ya kuhifadhi vitu viwili visivyoonekana ghalani: fedha iliyomo ndani ya simu, na habari za nyumba zetu. Fukusi wa vitu hivi naye yupo, na mara nyingine huingia akiwa amevaa nguo safi za Jumapili.

Nitaanza kwa kisa cha nyumbani kwetu, ambacho wenyewe wameniruhusu nikisimulie.

Dada yangu mkubwa ameolewa na askari. Mwaka 2022 shemeji alikuwa Somalia pamoja na wenzake katika jeshi la Umoja wa Afrika, na kila alipopokea posho alimtumia dada sehemu yake, ili zikusanywe kwa ajili ya mabati ya nyumba waliyokuwa wakiijenga kijijini. Kuta zilikuwa zimekwisha simama. Lililobaki lilikuwa paa. Siku moja baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi chao cha maombi alimweleza dada habari za kampuni iliyopokea shilingi na kuzigeuza kuwa sarafu za mtandao, nazo sarafu hizo, alisema, huzaa faida kila juma hata mtu akiwa usingizini.

Dada alitakiwa apige picha akiwa ameshika kitambulisho chake cha taifa, aandike nambari yake, jina la mumewe na mahali mumewe afanyapo kazi. Hata nambari ya siri ya simu aliitoa, eti wamsaidie kujiandikisha. Kisha akapewa sharti moja: asimwambie mumewe mpaka faida iive, maana maneno mengi huondoa baraka.

Nami sina mikono safi katika jambo hili. Dada alinijia kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea ualimu katika ukoo wetu. Nilitilia shaka, lakini waliokuwa wakiisifu kampuni ile walikuwa watu wa kanisani ambao nilizoea kuwaheshimu. Nikaona haya kuwauliza maswali. Nikamjibu dada: "Fanya kama moyo unavyokutuma." Jibu hilo lilikuwa la mwoga, nami nimelijutia.

Shilingi milioni mbili na laki nne zilikwenda. Majuma sita faida ilionekana kwenye kioo cha simu, ikipanda kama unga wa chapati uliotiwa hamira. Juma la saba simu za mawakala hazikupokelewa. Baada ya hapo dada akaanza kudaiwa mkopo wa simu ambao hakuukopa yeye, bali mtu aliyetumia kitambulisho chake.

Shemeji aliporudi likizo, dada alimweleza yote kwa machozi. Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Fedha nitaitafuta tena. Lakini imekuwaje mgeni akajua mambo ya nyumba yangu, nami mwenyewe nisijue?"

Wasomaji, swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Yako mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: faragha na usiri. Faragha ni heshima ya nyumba; ni pazia linalotundikwa dirishani ili mpita njia asione chakula chetu. Usiri wa hila ni pazia linalotundikwa katikati ya chumba, baina ya mume na mke. Tapeli huligeuza pazia. Hutufanya tuwe wazi mbele ya mgeni na wasiri mbele ya mwenzi. Popote mtu atakapokutaka umpe nambari zako zote, na papo hapo akutake umfiche mumeo au mkeo, fahamu kwamba mlango wako umefungwa upande usiofaa.

Sasa hizo sarafu za mtandao ni kitu gani? Yafaa tujue, maana asiyejua maana haambiwi maana. Sarafu ya kwanza iliyojulikana sana, Bitcoin, ilielezwa katika maandishi ya mwaka 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, ikaanza kutumika Januari 2009. Haina noti wala benki kuu. Ni hesabu zinazoandikwa katika daftari moja kubwa ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani. Kanuni zake zimeweka kikomo cha sarafu milioni 21. Mwenye sarafu hutambulika kwa ufunguo, na ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwa njia ya maneno 12 au 24. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali. Ukiyapoteza, hakuna meneja wa kumlilia. Akiyapata mwizi, hakuna wa kuirudisha fedha.

Wengi hudhani kwamba sarafu hizi ni za siri kabisa. Sivyo. Daftari la Bitcoin liko wazi, na kila malipo husomeka na yeyote, ingawa majina hayakuandikwa. Jina likishaunganishwa na anwani moja, njia nzima ya fedha yaweza kufuatwa. Mwaka 2021, baada ya wahalifu kuifungia kompyuta zake kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, Colonial Pipeline, na kulipwa kwa Bitcoin, wapelelezi waliifuata fedha katika daftari hilo na kukamata Bitcoin zipatazo 63.7. Basi anayenunua sarafu hizi akidhani amejificha, amejificha nyuma ya kioo.

Sisemi kwamba kila sarafu ya mtandao ni utapeli. Wako watu waliozitumia kutuma fedha nchi za mbali. Lakini bei yake huyumba kama mtumbwi ziwani: Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000 mnamo Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Fedha ya mabati, ya karo au ya dawa haiwezi kupanda mtumbwi wa namna hiyo.

Na zaidi ya kuyumba kwa bei, uko uongo mtupu unaovaa jina la sarafu. OneCoin ilianzishwa Bulgaria mwaka 2014 na mama mmoja aitwaye Ruja Ignatova. Haikuwa na daftari la kweli kama la Bitcoin. Palikuwa na tarakimu za kuonyeshwa wateja tu. Iliingia hata hapa Uganda, na Februari 2017 Benki Kuu ya Uganda ikawaonya wananchi juu yake. Oktoba 2017 mama huyo akatoweka, na mwaka 2022 akatiwa katika orodha ya watu kumi wanaotafutwa sana na FBI. Mshirika wake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa na mahakama ya New York mwaka 2023 kifungo cha miaka 20. Waendesha mashtaka walisema watu waliotapeliwa duniani walizidi milioni tatu, na fedha zilizopotea zilizidi dola bilioni nne. Sisi nasi twaijua Dunamiscoins, iliyofunga milango mwezi Desemba 2019 na kuwaacha wateja wake wakililia nje. Jina lake lilitokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nguvu, neno linalotajwa sana katika mahubiri. Jina takatifu halikuifanya biashara kuwa takatifu.

Serikali haikunyamaza. Aprili 2022 Benki Kuu iliwaandikia watoa huduma za malipo waliosajiliwa, ikiwakataza kuwezesha biashara ya sarafu hizo kwa fedha za simu. Jambo hilo lilipelekwa Mahakama Kuu, na mwaka 2023 shauri likatupwa. Juu ya faragha, Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Tena tunayo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za binafsi. Kwa sheria hiyo unayo haki ya kumwuliza anayechukua taarifa zako: wazitakia nini? Watu wengi hutoa kitambulisho kama watoavyo mkono wa salamu. Ulizeni, ndugu zangu. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kwa familia za askari faragha ina uzito mwingine. Januari 2018 magazeti ya dunia yaliandika juu ya ramani ya Strava, programu inayopima mbio za wafanya mazoezi. Askari wa Marekani walikuwa wakikimbia asubuhi na saa zao za kisasa mkononi, na mistari ya mbio zao ikachora mipaka ya kambi zao katika nchi za mbali. Hakuna jasusi aliyeiba ramani hiyo. Askari walijichora wenyewe. Basi, mama, unapoandika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba baba watoto anaondoka Alhamisi alfajiri, au unapoweka picha yake akiwa na sare mbele ya lango, fikiri ni nani mwingine asomaye. Adui husoma, na mwizi naye husoma, kwa kuwa umemjulisha kwamba nyumba haina mwanamume.

Lipo na jambo la siasa, ambalo nalo limehamia ndani ya simu. Ibara ya 208 ya Katiba yetu yasema kwamba jeshi lisiwe na upande wa chama. Askari ni raia na hupiga kura yake. Lakini kura ni ya sandukuni, wala si ya kupigiwa kelele katika kikundi cha kwaya. Mke wa askari anayo haki ya kuwa na mawazo yake, ila akumbuke kwamba simu moja hutumiwa na watu wengi, na ujumbe uliotumwa kwa jina la baba huhesabiwa kuwa wa baba. Tena tusisambaze habari tusizozijua chanzo. Kanisani hali ni hiyo hiyo: tumesali benchi moja na watu wa vyama vyote, na aliye mgonjwa kati yetu hatuulizi kadi yake kabla ya kumpelekea uji.

Na siasa hugusa hata mfuko. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilisimamishwa, na Januari 2021 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mwenye hekima hakuingia katika mabishano. Alikuwa ameweka unga, mafuta ya taa na noti chache nyumbani. Kila nyumba ifanye hivyo. Fedha yote isilale mahali pamoja, iwe ni simu au godoro.

Je, imani yatufundisha nini? Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wasali chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na watoe sadaka pasipo kupiga mbiu. Kumbe faragha si jambo geni kwa Mkristo. Lakini yeye huyo alisimulia pia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Na alipoulizwa juu ya kodi, aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyomo ni ya nani. Swali hilo latufaa hata leo: sarafu hii ni ya nani? Nani anaijibia? Akikosekana mwenye sura, usitoe. Ndugu zetu Waislamu nao hufundishwa kuogopa biashara iliyojaa giza. Baraka haikatazi maswali. Anayeyakataza ni yule aliye na cha kuficha.

Basi, kabla ya kuweka fedha popote, fanyeni mambo haya nyumbani kwenu. Kwanza, mume na mke waketi, hata kama ni kwa simu, na kila mmoja aseme ndiyo kwa kinywa chake. Pili, nambari ya siri asipewe mtu yeyote, awe wakala, mchungaji au mkubwa wa kazi. Tatu, akiba ya jambo lenye tarehe, kama karo na paa, iwekwe katika benki au chama cha akiba kilichosajiliwa. Wanajeshi wanacho Wazalendo, na polisi wanacho Exodus. Nne, orodha ya akiba na madeni iandikwe na kufungiwa sandukuni, ili mauti yakitokea mjane asiwe mgeni wa mali yake mwenyewe. Tano, aliyetapeliwa asijifiche kwa aibu. Apeleke habari polisi mapema, maana aibu ya mmoja ndiyo mtaji wa tapeli kwa wengine kumi.

Nami nimejiwekea la sita: nikiulizwa tena, nitasema nionavyo, hata kama wazee wa kanisa wamesimama hapo.

Paa la dada liliezekwa mwaka 2024, nusu kwa mkopo wa chama na nusu kwa mauzo ya kahawa. Siku ile shemeji alinikabidhi nyundo, akasema, "Mwalimu, na wewe pigilia msumari mmoja." Nilipigilia kumi na miwili. Jioni mvua ilinyesha, tukaketi chini ya mabati mapya tukinywa chai, na simu ya dada ilikuwa mezani, katikati yetu.

Tuonane juma lijalo, ambapo tutazungumza juu ya lishe ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Kaeni salama.