Pingi Kubwa Si Ushahidi wa Udanganyifu

Jarida hili limechoshwa na namna mjadala wa udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni unavyoendeshwa hapa nchini. Kijana wa Bunju akishinda PUBG Mobile au Free Fire kwa simu ya kawaida na bando la siku, aliyeshindwa huandika neno moja tu: anachiti. Waandaaji wa mashindano nao huitika kwa kudai adhabu kali zaidi, na jambo lililo la kitaalamu hugeuzwa kuwa suala la tabia za vijana.

Udanganyifu upo, na una fedha nyingi. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan nchini China, wakisaidiwa na kampuni ya Tencent, waliwakamata watu 10 wa kundi lililouza programu za kudanganyia kwa wachezaji wa nchi nyingi, na mali zenye thamani ya takriban dola milioni 46 zikashikiliwa. Machi 2024 mdukuzi aliingilia fainali za Apex Legends za Amerika Kaskazini, akawawashia wachezaji wawili maarufu msaada wa kudanganyia ambao hawakuuomba, mechi ikiwa inaendelea. Fainali ziliahirishwa. Tukio hilo peke yake lingetosha kuwafundisha waandaaji kwamba kuona programu haramu kwenye skrini ya mtu hakuthibitishi kwamba yeye ndiye aliyeiweka.

Programu ya kuona kupitia ukuta hufanya kazi kwa njia rahisi. Seva huipelekea kila simu taarifa za mahali walipo wapinzani, pamoja na waliojificha, ili wakitokea picha isichelewe. Programu huzisoma taarifa hizo ndani ya kumbukumbu ya simu na kuzichora juu ya skrini. Ile ya kulenga huzitumia hizo hizo kugeuza mtutu. Kwa hiyo dawa ya kwanza iko kwa mtengenezaji wa gemu: Riot Games, katika Valorant ya mwaka 2020, iliifanya seva ifiche mahali alipo adui hadi akaribie kuonekana, na kisichotumwa hakiibiki. Kampuni hiyo hiyo iliongeza Vanguard, programu ya ulinzi inayokaa sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta na kuanza kazi mara mashine inapowashwa. Jarida hili linaunga mkono hatua ya kwanza, na linaiona ya pili kuwa gharama kubwa mno kwa faragha ya mtu anayecheza tu.

Sasa tuje kwenye umbali, ambao nao huonekana kama udanganyifu. Ndani ya mkongo wa baharini mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Seva iliyo kilomita 10,000 kutoka Dar es Salaam inadai milisekunde 100 za kwenda na kurudi, muda ambao wachezaji huuita pingi, kabla mnara wa simu wa Bunju uliozidiwa na watumiaji haujaongeza zake. Mchezaji wa Bunju anaona dunia iliyokwisha pita. Ili asionewe, seva hurudisha nyuma saa ya mechi na kupima risasi yake kwa kile alichokiona alipofyatua. Yahn Bernier wa kampuni ya gemu ya Valve aliieleza mbinu hiyo mwaka 2001. Matokeo yake, mpinzani aliyekwisha kujificha nyuma ya ukuta hufa, naye huapa kwamba ameibiwa. Hajaibiwa. Gemu limefanya kazi kama lilivyoundwa.

Wapo pia wanaokata mtandao makusudi ili wapinzani waduwae. Lakini seva husikia ukimya tu, na ukimya huo unafanana iwe mtu amezima data, Luku imeisha, au mkongo umekatika, kama ilivyotokea Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora. Mfumo unaoadhibu kila anayetoka kwenye mechi hauwezi kuwatofautisha watu hao.

Ndani ya toleo hili, makala ya sheria inasoma upya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nyingine inafuatilia agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) la Oktoba 2023 la kusajili VPN, ambazo baadhi ya wachezaji huzitumia kutafuta njia fupi ya kufika kwenye seva. Makala ya simu zilizokwisha tumika isomwe kwa makini: Garena, kampuni ya Free Fire, hufungia kifaa pamoja na akaunti, hivyo anayenunua simu Kariakoo anaweza kurithi kifungo cha mtu asiyemjua.

Waandaaji wana mfano mzuri wa kufuata. Oktoba 2018 huko Shanghai, mchezaji wa timu ya OpTic India alinaswa kwa sababu waamuzi waliikagua kompyuta yake palepale ukumbini. Nao wafanye hivyo: wakague mashine, waonyeshe pingi za wachezaji wote hadharani, na wasimfungie mtu kabla ya kuangalia rekodi ya mechi. Kwa kampuni za gemu, ombi ni moja. Valve ina seva Johannesburg, na Amazon ilifungua vituo vyake vya data Cape Town mwaka 2020. Zilizobaki nazo zilete seva zao karibu na Afrika Mashariki, ndipo ziwahukumu wachezaji wake.